Sauti Zina Mate

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana mwema huko mbele. Kikombe alichonywea mtu mwingine sikigusi, hata kikisuguliwa kwa majivu mara tatu. Mtu akicheua karibu yangu wakati wa kula, chakula changu kimekwisha. Mama yangu, aliyenilea kule Lulindi, alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akifuta kitasa cha mlango wageni wakiondoka, tena wageni wenyewe wangali uani wakiaga. Watu walimsema kwamba anajidai. Hakuwa anajidai, alikuwa anachefuka, na ugonjwa huo nimeurithi wote bila kupunguzwa.

Mtu kama mimi alipaswa kuwa karani wa masjala, akae na karatasi kavu. Badala yake nikawa mwalimu wa darasa la kwanza, tena katika kijiji cha huku juu Newala, upande wa Chilangala, ambako maji ya kunawa ni jambo la kufikiria mara mbili. Mvua ikiwa haijanyesha, ndoo moja ndiyo ya kupikia, kufulia na kuogea, na mtoto anaondoka nyumbani akiwa amenawa uso tu. Wakati mwingine hata uso haukufikiwa.

Chuoni walitufundisha vizuri. Walisema usimtie mtoto majina ya herufi kichwani, mpe sauti zake, maana mwenye sauti ataziunganisha na kusoma, na mwenye majina tu atabaki kuyaimba kama kasuku. Wakasema fundisha kwa michezo. Nilikubali yote, na mpaka leo nayakubali. Jambo moja hawakuniambia, kwamba sauti zina mate.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kipande cha karatasi. Kila mtoto anashika ukanda mwembamba mbele ya midomo yake. Akisema sauti ya p, karatasi inaruka. Akisema m, inatulia. Watoto wanaupenda mchezo huo kupita kiasi, wanacheka, wanarudia, na raundi ya tatu ikifika karatasi zote zimelowa na kulegea, na wengine wamekwisha kuzitafuna. Kisha tunaingia kwenye f. Mtoto wa miaka saba hana meno ya mbele. Mwambie atoe f, utaoga. Nilikuwa nikipita katikati ya madawati nikiona kamasi zilizokauka mashavuni, na vidole vilivyobambuka kwa mafuta ya korosho walizochoma wenyewe, halafu vidole hivyo hivyo vinaingia mdomoni kutafuta ulimi unakaa wapi ukisema t.

Nje palikuwa na mchezo wa mchanga. Kila mtoto anachora herufi kwa kidole huku akiitamka. Mchanga wetu ni mwingi na mzuri, ila mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wakilala pale usiku. Mimi nilikuwa nikitafuta kijiti cha kuondolea kinyesi. Watoto waliokota kinyesi chenyewe kwa mkono, wakakitupa kando kama wanachagua kunde, wakaendelea na herufi yao. Nilichefuka kila siku ya Mungu, na bado nilitakiwa kutabasamu na kusema vizuri sana, haya tena, sauti gani hii?

Dawa yangu ilikuwa leso. Nilikuwa nayo nyeupe, nikiidondoshea limau asubuhi, na darasani niliishika puani na mdomoni kutwa nzima. Niliitoa pale tu nilipoonyesha sauti mpya kwa mara ya kwanza, tena upesi, kisha ikarudi. Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe miezi ilipita sijalielewa. Nilikuwa nafundisha watoto sauti huku nimeficha mdomo.

Mwaka huo, siku ya kuandikisha, bibi mmoja alikuja na mjukuu wake wa kike. Mama wa mtoto alikuwa akifanya kazi Masasi mjini, na bibi ndiye mlezi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuletea huyu." Alimsukuma binti mbele. "Dada yake alirudia darasa la kwanza mara mbili, akatoka mtupu. Huyu nakupa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha anajua kusoma, aendelee, namshonea sare mpya. Akirudia, basi, tutalima wote."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo nikiwa nimerudi nyuma hatua mbili, kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka na nikawa nimeinusa harufu.

Sikio la kulia la yule binti lilikuwa linavuja usaha. Si mara moja moja, kila siku. Ulikuwa ukitoka mzito wa njano, ukitambaa mpaka kwenye ukosi wa shati, na nzi wakijua njia. Ndani ya sikio palikuwa na pamba. Nimewahi kupita sokoni penye samaki wa juzi nikavumilia, lakini harufu ile ilinishinda. Juma la pili nilimhamishia nyuma kabisa, kwenye dawati la mwisho karibu na dirisha lisilo na kioo, nikasema ni kwa sababu kule kuna hewa. Hewa ilikuwa yangu.

Nilikuwa na kaunta buku ambayo niliandika majina ya watoto wote na maoni yangu mbele ya kila jina. Mtu akifundisha darasa la kwanza miaka mingi, mwandiko wake hukoma kuwa wa mtu mzima. Herufi huwa za duara, zimeachana, kila moja imesimama peke yake. Kwa mwandiko huo, mbele ya jina la yule binti, niliandika: Ananuka. Akae nyuma. Sikuona ubaya. Kaunta buku ilikuwa ya kwangu, na darasa zima halikujua kusoma.

Kulikuwa na mchezo wa kunong'onezana. Watoto wanakaa mstari mmoja, mimi namnong'oneza wa kwanza sauti, naye anampa wa pili, mpaka wa mwisho anaiandika mchangani. Kwa yule binti mstari ulikatika kila mara. Sauti ilimfikia ikafia pale. Alikuwa akimgeukia mwenzake na kumpulizia tu, kisha anatabasamu, na mwenzake anafuta shavu na kulalamika, mwalimu, huyu ananitemea. Darasa likacheka. Nikaandika kwenye kaunta buku, chini ya yale ya kwanza, kwamba ni mzito na hasikilizi.

Wakati huo mtu aliyenichefua zaidi, kwa maoni yangu, alikuwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimekusanya vizibo vya soda, nikavisugua, nikaandika herufi juu ya kila kimoja. Watoto walikuwa wakivimwaga sakafuni na kushindana kuokota sauti niliyoitaja. Wageni wa kukagua wakatangazwa. Mwalimu mkuu akavichukua vizibo vyote akavipigilia misumari kwenye ubao, kwa mpangilio, a mpaka z, akautundika juu ukutani ambako hata mimi sikufiki bila stuli. "Zana zisipotee, mwalimu," akasema. Nilienda kusimama nyuma ya vyoo nikatukana peke yangu, na mtu anayekwenda kusimama nyuma ya vyoo vile kwa hiari yake lazima awe ameudhika kweli. Mchezo umegeuzwa pambo! Watoto wamegeuzwa watazamaji wa vizibo!

Halafu akaniambia, "Na yule mwenye sikio, kesho asije."

Hapo sikutukana. Nilihisi ahueni, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Jioni nilimwambia yule binti kutoka mlangoni, leso puani, kwamba kesho apumzike nyumbani. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, ameoga mpaka miguu, na pamba mpya sikioni. Nikasema huyu ni mkaidi. Nikamshika mkono wa shati kwa vidole viwili, namna mtu anavyoshika panya aliyekufa, nikampeleka nyuma ya jiko la shule akakae na mpishi wa uji mpaka wageni waondoke. Wageni waliusifu ubao wa vizibo. Mchana niliponawa, nilivinawa vile vidole viwili peke yake, mara mbili.

Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Nilikuwa nikimsema mwalimu mkuu wiki nzima, na mimi nimefanya nini?

Lakini hata siku hiyo sikulifikiria hilo. Lililonigutusha ni leso. Mwezi wa sita, maji yalikuwa shida, watu wako mashambani wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho na kijiji kizima kinanuka kama kiberiti kilichowashwa. Leso yangu ilikuwa chafu na sikuwa na maji ya kuifua. Kuivaa chafu nisingeweza. Nikaenda darasani mdomo wazi, nimekasirika, nikichezesha mchezo rahisi kuliko yote ili siku iishe. Kila mtoto ana kadi ya herufi. Nikitoa sauti, mwenye kadi yake anasimama.

Yule binti alikuwa na m. Nikatoa sauti, midomo imefumbwa, na kule nyuma dirishani akasimama wima kabla ya wenzake wote wenye m. Nikadhani amebahatisha. Nikabadilisha kadi, nikampa f. Nikauma mdomo wa chini, nikatoa sauti. Akasimama. Nikageukia ubao kuandika, na nikiwa nimewapa mgongo nikasema f tena. Nilipogeuka, wenzake wamesimama, yeye ameketi, macho yamenitazama kisogoni yakingoja uso urudi.

Nilirudia mara tatu. Uso, anasimama. Kisogo, anakaa. Mtoto asiyesikia vizuri nilikuwa nimemweka mbali kuliko wote, halafu nikaziba kitu kimoja alichokuwa anaweza kukisoma. Nilimfukuza kwa sikio lake, kisha nikamwandika mzito kwa sababu ya mahali nilipomfukuzia. Mwaka ulikuwa umefika nusu. Nilijichukia mpaka ladha ya nyongo ikaja mdomoni, na safari hiyo harufu haikuhusika.

Siku hiyo hiyo nilimfuata bibi yake. Nilimkuta anabangua korosho, kucha nyeusi kwa mafuta ya maganda yake.

"Sikio la mtoto huvuja," akasema. "Akikua litakauka. Dada yake pia lilivuja."

Dada aliyerudia mara mbili. Sikuuliza alikuwa akikaa wapi darasani.

Tulikwenda zahanati pamoja. Mganga alitoa pamba sikioni kwa koleo, kipande baada ya kipande, za juu nyeupe, za ndani zimekuwa kijivu, na ya mwisho sitaieleza. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya watu. Niliporudi, mganga alikuwa anamweleza bibi kwamba asizibe tena, akaushe kwa kitambaa safi, atie dawa, arudi. Masikio yote mawili yalikuwa yameumia. Alisema kusikia kunaweza kurudi kidogo, kunaweza kusirudi, ila mtoto asikae mbali na anayeongea.

Bibi akanigeukia. "Shuleni anakaa wapi?"

"Mbele," nikasema.

"Vizuri, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Asubuhi nilimhamishia dawati la mbele, nikaiacha leso nyumbani, na tukaanza upya sauti zote kuanzia irabu.

Tuliunda mchezo wetu wawili, na wenzake wakauiga baadaye. Sauti yenye pumzi, kama p na t, aliweka kiganja mbele ya mdomo wangu akaisikia kwa ngozi. Sauti inayonguruma, kama z na v, alibandika vidole kooni kwangu. Na zile za puani, m na n, aliweka kidole chake ubavuni mwa pua yangu kikatetemeka. Kisha anajigusa mwenyewe mpaka apate mtetemo ule ule. Akipata, anacheka kwa sauti kubwa isiyo na kipimo, na darasa linampigia makofi ya kilo, yale ya pamoja ya kumsifu aliyepatia.

Ningependa kuandika hapa kwamba kinyaa kiliniisha. Hakikuisha. Kidole kile kilikuwa kimetoka kukwangua sikio, na nilikijua kilikotoka. Kila kilipogusa pua yangu mwili ulisisimka. Mimi nami nilikuwa nikimpulizia mate kiganjani, na hakuwahi kujifuta hata mara moja. Aliukunja mkono tu, kama mtu aliyepewa karanga. Nilikuwa nikingoja ageuke, ndipo najifuta pua, pembeni ya sketi, taratibu, upande wa juu na upande wa chini. Nilidhani haoni. Mtoto aliyenifundisha kwamba anasoma kwa macho, nilidhani haoni.

Alisonga mbele kwa kasi. Mwezi wa nane alikuwa anaunganisha, ma, na, ka. Wa tisa anasoma maneno mafupi, na jina lake analiandika kila mahali, mchangani, ukutani, kwenye vumbi la mlango wa mwalimu mkuu. Sikio la kulia lilipungua kuvuja. Mbele yake palikuwa na mtihani wa kusoma wa mwisho wa mwaka, na mimi nilihesabu wiki kuliko yeye. Zilikuwa zimebaki sauti za herufi mbili mbili, ch, sh, ny na wenzake. Nilijua atafika. Bibi alikuwa amekwisha kunionyesha kitambaa cha bluu cha sketi.

Msimu wa korosho ulipoanza, mabibo yakioza chini ya mikorosho na nzi wakilewa, niliwachezesha mchezo mpya. Niliuita kuwinda. Kila mtoto aende popote ndani ya darasa na nje karibu, atafute neno lililoandikwa, neno la kweli, si langu la ubaoni. Akilipata, alilete mbele alisome. Nilitaka wajue kwamba kusoma hakukai ubaoni.

Walitawanyika wakipiga kelele. Mmoja alirudi na karatasi ya sabuni. Mmoja aliburuta mfuko mtupu wa salfa, akasoma silabi mbili akapiga chafya. Wawili walimleta mpishi wa uji mzimamzima, wamemshika upindo wa kanga, wakasoma maandishi yake herufi moja moja huku yeye amesimama anaona haya. Nilicheka. Siku ile nilikuwa na furaha, naikumbuka vizuri kwa sababu iliishia hapo.

Yule binti hakwenda nje. Alikuwa amesimama kwenye meza yangu. Alipogeuka alikuwa ameshika kaunta buku kwa mikono miwili, imefunguliwa, na uso wake unang'aa.

"Mwalimu, jina langu!"

Nilisema lete hapa. Nadhani nilisema. Lakini alikuwa ameshauangalia ukurasa, na asiyekuangalia hakusikii. Aliweka kidole chini ya jina lake akalisoma, kwa sauti yake kubwa, darasa zima likanyamaza kusikiliza. Kisha kidole kikasogea.

"A," akasema. "Na. A-na. Nu." Akajigusa pua kuhakikisha. "Ka. A-na-nu-ka."

Alilirudia kwa pamoja, haraka, kama nilivyowafundisha. Ananuka. Nyuma mtoto mmoja akacheka, akanyamaza. Yeye hakusikia kicheko. Kidole kiliendelea.

"A-ka-e."

Kikasimama. Alilitazama neno lililofuata kwa muda mrefu, akakunja uso. Ny tulikuwa hatujaifikia. Akanijia, akaiweka kaunta buku juu ya magoti yangu, akaonyesha zile herufi mbili, na kwa mkono mwingine akaweka kidole ubavuni mwa pua yangu. Akangoja.

Ningeweza kumdanganya. Bibi yake nilimdanganya bila kupepesa macho. Lakini alikuwa ananitazama midomo, na kwa mdomo sikuwa na mahali pa kujificha tena.

"Ny," nikasema.

"Ny." Akajigusa. "Nyu. Ma."

Akageuka akatazama dawati la dirishani, tupu. Alitazama kule, akatazama ukurasa, akanitazama mimi.

"Nimepatia, mwalimu?"

"Umepatia."

Wenzake, ambao nilikuwa nimewazoesha hivyo, wakampigia makofi ya kilo. Hakucheka. Alifunga kaunta buku, akairudisha mezani mahali alipoitoa. Kisha akakifuta kidole chake pembeni ya sketi, taratibu, upande wa juu na upande wa chini.